Mfereji Huchimbwa Kabla ya Mvua

Neno la Jumapili
Somo: 2 Wafalme 3:9–20 na Kumbukumbu la Torati 22:8



Mchungaji ameniomba nilete neno juma hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, msimu wa dhoruba umekaribia, na mimi ni muuguzi. Ya pili, anajua nina jambo la kuungama mbele yenu. Naomba mnivumilie, nitafika huko.

Hapa Arizona msimu wa dhoruba za kiangazi huhesabiwa kuanzia 15 Juni hadi 30 Septemba. Ndugu zetu waliofika mwaka huu bado hawajauona. Jua linawaka wiki nzima, kisha jioni moja unatazama upande wa kusini unaona ukuta wa rangi ya udongo unakuja. Wenyeji huuita habubu, neno walilolitoa kwa Waarabu wa Sudan. Tarehe 5 Julai 2011 ukuta wa namna hiyo ulioingia Phoenix ulikuwa na kimo cha zaidi ya futi 5,000 na upana wa karibu maili 100. Vumbi likipita, mara nyingi hufuata upepo wa kuvunja miti, radi, na mvua fupi yenye nguvu. Umeme hukatika. Kiyoyozi kikizima usiku wa mwezi wa saba, nyumba huanza kuwa tanuri.

Sasa tufungue 2 Wafalme sura ya 3.

Wafalme watatu, wa Israeli, wa Yuda na wa Edomu, walitoka kwenda kupigana na Moabu. Wakazunguka jangwani siku saba, maji yakawaishia, jeshi pamoja na wanyama. Mfalme wa Israeli akaanza kulalamika kwamba Bwana amewaita ili awaangamize. Yehoshafati wa Yuda yeye akauliza kama hakuna nabii wa Bwana karibu. Ndipo wakamwendea Elisha.

Tazama jibu alilowapa. Hakuwapa maji, aliwapa kazi. Aliwaambia walijaze bonde lile mitaro. Kisha akawaeleza kwamba hawatauona upepo wala mvua, na bado bonde litajaa maji, nao watakunywa pamoja na wanyama wao. Hebu wafikirie askari wale. Midomo imekauka, mbingu hazina hata wingu, na wanaambiwa washike majembe wachimbe ardhi kavu. Walichimba. Asubuhi, wakati wa kutoa sadaka, maji yakaja kwa njia ya Edomu, nchi ikajaa maji.

Kwetu tunasema dalili ya mvua ni mawingu. Ni methali ya kweli, lakini kwa jangwa hili inaweza kukuua. Hapa mvua hunyesha kwenye milima maili nyingi kutoka kwako, wewe uko chini ya jua, watoto wanacheza katika korongo kavu nyuma ya apatimenti, na maji yanakuja yakiwa yamebeba matope na magogo bila tone moja kuanguka kichwani pako. Waliokaa Kakuma wananielewa. Mto Tarach karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, watu wanaukatiza kwa miguu, kisha unajaa kwa mvua ambayo hawakuiona. Andiko la Elisha si geni kwetu. Tumeliishi.

Hata Wamoabu wanatufundisha. Asubuhi ile waliona jua limepiga juu ya maji, yakaonekana mekundu. Wakadhani ni damu, wakadhani wafalme wameuana, wakakimbilia nyara na kumbe wanakimbilia kifo. Waliisoma vibaya ishara ya mahali pale. Sisi pia tumetoka katika nchi ambazo mvua ni baraka na watoto hutoka nje kuoga mvua. Ni baraka kweli. Lakini anayehamia nchi mpya inabidi ajifunze upya kusoma mbingu zake na ardhi yake.

Wako wapendwa wanaosema, "Mungu aliyetuvusha ziwa Tanganyika usiku, Mungu aliyetulinda kambini, hatashindwa na upepo wa Arizona. Kujiandaa sana ni kukosa imani." Ninaiheshimu imani hiyo, maana mimi pia imenilea. Lakini turudi kwa Elisha. Ahadi ya muujiza na agizo la kuchimba vilitoka katika kinywa kimoja, kwa pumzi moja. Kuleta maji ilikuwa kazi ya Mungu. Kuchimba ilikuwa kazi yao. Hakuna aliyemwambia nabii kwamba akiamini hana haja ya jembe.

Na sisi tunajua kuchimba. Waliokaa Nyarugusu, nani alisubiri mvua ianze ndipo achimbe mfereji kuzunguka hema? Ulichimba jua likiwaka, ukarekebisha kila jioni, na jirani akiwa mjane au mgonjwa vijana walimchimbia na yeye. Hatukuita ukosefu wa imani. Tuliita akili, na tuliita ujirani. Lakini tumefika kwenye nyumba za ukuta na vitasa, kila mtu amefunga mlango wake.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo langu.

Miaka michache iliyopita, jioni moja ya mwezi wa saba, vumbi lilishuka na umeme ukakatika mtaani kwetu. Mimi nilikuwa tayari. Nilikuwa na maji ya siku tatu, tochi, barafu, simu zenye chaji, dawa za watoto mahali pamoja. Nilimshukuru Mungu kwa hekima aliyonipa, nikalowesha shuka, nikalala.

Mitaa minne kutoka kwangu alikaa mama yetu mmoja wa kanisa hili, mtu mzima mwenye mapafu dhaifu, anayepumua kwa mashine ya oksijeni inayotumia umeme. Nilijua. Mimi ndiye niliyemtafsiria siku daktari alipoiandika ile mashine. Kwenye kona ya chumba chake kulikuwa na mtungi wa oksijeni wa akiba, umefunikwa kitenge ili wageni wasiuone. Nilimtembelea mara tatu au nne, nikakiona kile kitenge, wala sikukiondoa hata mara moja kuuliza kama kuna anayejua kuufungua.

Mashine ilipozimika, mjukuu wake wa miaka 12 alijaribu kuufungua mtungi kwa vidole. Ufunguo wake ulikuwa umefungwa kwa kamba pale pale kwenye shingo ya mtungi, lakini mtoto hakujua ni wa nini. Simu ya bibi haikuwa na chaji. Akatoka gizani, akagonga mlango wa jirani ambaye hawakuwahi kusalimiana kwa sababu ya lugha. Huyo jirani ndiye aliyepiga 911.

Mama alipona, Mungu asifiwe. Nilipokwenda kumwona hospitalini alinishika mkono akasema, "Pole mwanangu. Najua usiku ule ulikuwa kazini."

Sikuwa kazini. Nilikuwa nyumbani, nimelala.

Sikumwambia siku ile. Nilikaa na jambo hilo wiki tatu, nikishika Ekaristi, nikiimba na akina mama. Mwishowe nilikwenda nikamwambia. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi leta huo mtungi, utufundishe." Tuliketi chini watatu, na mjukuu akaufungua na kuufunga mara kumi. Mama ameniruhusu kuwasimulia haya.

Wapendwa, nilikuwa nimechimba mfereji, lakini mmoja tu, mlangoni kwangu. Mitaro ya Elisha ilikuwa katika bonde zima, na maji yakawafikia wafalme, askari, na ng'ombe wasiojua kushika jembe. Na torati inasema nini juu ya nyumba? Katika Kumbukumbu 22:8 Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Ukingo ule haukuwa kwa ajili ya mwenye nyumba tu, anayelijua dari lake hata gizani. Ulikuwa pia kwa ajili ya mgeni, mtoto, na mzee asiyeona vizuri. Mungu anataka nyumba yako isimwue mwingine, na akiipima anawahesabu pia walio karibu nayo.

Kwa hiyo tuchimbe. Nitataja mitaro mitano.

Wa kwanza ni joto. Msifikiri vumbi na radi ndivyo vinavyoua zaidi. Mwaka 2023 Phoenix ilikuwa na siku 31 mfululizo zenye joto la nyuzi 110 za Farenhaiti au zaidi, yaani kama 43 za Selsiasi, na kaunti yetu ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka ule. Wengi wa waliofia ndani ya nyumba walikuwa na kiyoyozi, lakini kilikuwa hakifanyi kazi. Weka maji, galoni moja kwa kila mtu kwa siku, yatoshe siku tatu. Jua mapema utakwenda kwa nani umeme usiporudi. Ukipiga 211 watakueleza mahali penye ubaridi palipo karibu. Feni peke yake haitoshi hewa ya ndani ikiwa moto kuliko mwili. Na mtu mwenye joto akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kuchanganyikiwa au kuzimia, usimnyweshe kitu. Piga 911, mlaze kivulini, mmwagie maji, weka vitambaa vya baridi shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa juu. Hujui Kiingereza? Sema neno moja, "Swahili", kisha subiri, wakutafutie mkalimani.

Wa pili ni dawa na mashine. Mwenye mashine ya kupumulia, ya kusafisha damu nyumbani au ya kulisha, aiambie kampuni ya umeme, maana zina orodha ya wagonjwa kama hao. Lakini kuwa kwenye orodha si ahadi kwamba umeme wako utarudi kwanza. Uwe na njia ya pili, na watu wawili nyumbani waijue kwa mikono yao. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji. Friji isipofunguliwa-funguliwa hutunza ubaridi kama saa nne baada ya umeme kukatika. Zaidi ya hapo itie kwenye sanduku lenye barafu, ukiizungushia taulo isigusane na barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika.

Wa tatu ni uwanja na paa. Kiti cha plastiki, bati, trampolini ya watoto, hivi vyote ni jiwe mkononi mwa upepo. Vifunge au viingize ndani. Huo ndio ukingo wa dari wa leo, kwa sababu kitu chako kikiruka kitapasua dirisha la mwingine. Wanaokaa nyumba za trela wakague kamba na vyuma vinavyozishikilia chini. Maji yakizoea kuingia mlangoni, miji kadhaa hapa hutoa mifuko ya mchanga bure, na vijana wetu wana mabega. Umeme ukikatika, tafadhali, jiko la mkaa lisiingie ndani, wala jenereta. Kwetu tulipikia vibandani, upepo ukipita kila upande. Nyumba za hapa zimezibwa, na moshi ule usioonekana huua familia nzima ikiwa usingizini.

Wa nne ni gari, maana wengi dhoruba hutukuta tukienda au tukitoka kazini. Vumbi likikufunika, toka kabisa nje ya njia, simama, zima taa zote, hata zile za dharura, vuta breki ya mkono, ondoa mguu kwenye pedali ya breki, na ubaki na mkanda. Najua inashangaza kuambiwa uzime taa. Sababu ni kwamba anayekuja nyuma akiona taa zako atadhani bado uko barabarani, akufuate, akugonge. Na barabara ikifunikwa na maji, geuza. Inchi 6 za maji yaendayo kasi humwangusha mtu mzima, futi 1 husomba gari dogo, futi 2 husomba magari mengi. Ukizunguka kizuizi kilichowekwa ukakwama, sheria ya Arizona inaruhusu utozwe gharama za kukuokoa. Bora uchelewe kazini. Bosi akikasirika tutaomba pamoja.

Wa tano ni kifua. Katika udongo wa hapa kuna ukungu ambao vumbi huupeleka mapafuni. Ugonjwa wake ni homa ya bonde. Si ile homa ya Bonde la Ufa ya mifugo tunayoijua sisi, ni jina tu limekaribiana. Wiki moja hadi tatu baada ya kuvuta vumbi mtu huanza kukohoa, homa, uchovu usioisha, maumivu ya viungo. Wengi hupona wenyewe, lakini watu weusi, wajawazito, wenye kisukari na wenye kinga dhaifu wako katika hatari zaidi ya kuugua vibaya. Hauambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu, kwa hiyo msimtenge mgonjwa. Unafanana na nimonia na hata kifua kikuu, na mara nyingi watu hupewa dawa zisizousaidia. Ukikohoa muda mrefu, mwambie daktari maneno haya mawili, "Valley Fever", na uombe kupimwa. Vumbi likija, funga madirisha, na baada yake badilisha kichujio cha kiyoyozi. Mwenye pumu asifagie siku hiyo, ampishe mwingine.

Hiyo ndiyo mitaro. Lakini sitaki mtu atoke leo na orodha, ajaze kabati lake, amshukuru Mungu na kulala kama nilivyolala mimi.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, kutakuwa na karatasi mezani karibu na mlango. Kila nyumba itachagua nyumba moja nyingine, na itachaguliwa na nyumba moja. Kabla msimu haujaanza, waendee. Usiende kuwahubiria. Nenda unywe chai, kisha uliza maswali manne: Ni nani hapa anatumia dawa au mashine? Simu ikizima, namba zimeandikwa wapi? Umeme ukikatika usiku, utakwenda wapi na kwa gari la nani? Jirani wa mlango wa pili anaitwa nani? Hilo la mwisho msilidharau. Mama yetu aliokolewa na mtu asiyejua lugha yetu, na hatukuwahi kumpelekea hata sahani ya maandazi. Sasa tunampelekea.

Na kama kuna kitu kimefunikwa kitenge kwenye kona, kifunue.

Wapendwa, wako wanaoona aibu kuwa wagonjwa. Tuliotoka katika taabu tunajua kuficha, maana mahali pengine aliyejulikana ni dhaifu aliachwa nyuma. Hapa kanisani hakuna anayeachwa nyuma. Ukimwonyesha ndugu yako mtungi wako, dawa yako, deni lako la umeme linalokufanya uzime kiyoyozi mchana, unampa nafasi ya kushika jembe. Usimnyime.

Sijui mwaka huu dhoruba itapiga mtaa gani. Elisha naye hakuwaambia wale askari maji yataanzia kilima kipi. Aliwaambia wachimbe. Mbingu leo ni safi kabisa, hakuna wingu. Basi huu ndio wakati wake.

Tuombe.

Baba yetu, uliyetuvusha maji na kutuleta jangwani, asante kwa paa tulizo nazo. Utusamehe pale tulipojiandaa wenyewe na kumsahau wa mtaa wa nne. Uwalinde madereva wa usiku, wazee walio peke yao, watoto wanaocheza makorongoni, na wote wanaopumua kwa mashine. Umbariki jirani yule aliyefungua mlango wake gizani. Tupe mikono ya kuchimba kabla ya mvua, na masikio ya kusikia mtoto akigonga. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.

Jumapili njema. Tukutane mezani.